JM Kariuki: tajiri aliyewasemea wasio na shamba

Kwetu pwani ukitaja ardhi na siasa kwa pumzi moja, jina linalokuja mdomoni ni la marehemu Ronald Ngala, na ni haki yake. Lakini huku bara, hasa hapa Karagita ninakoishi mwaka wa tatu sasa kwa sababu ya kazi, wazee wakianza hadithi ya ardhi hutaja mwingine. Humtaja JM. Hawana haja ya kuongeza jina la baba.

Nimeamua kuandika juu yake kwa sababu vijana wa kwetu wamezidi kuja huku. Katika ploti ninayopanga tuko wapangaji kutoka Kilifi, Kakamega, Siaya, Turkana na Murang'a, kila mmoja na chumba chake cha mabati na jerikeni zake za maji mlangoni. Alfajiri, tukitoka msikitini, mabasi ya mashamba ya maua yamekwisha panga foleni barabara ya Moi South Lake kuwachukua vibarua. Maua yanakwenda Ulaya kwa ndege, na wanaoyakata wanarudi jioni kwenye vyumba vya kupanga. Wengi wao hawana hata kiwanja cha kuzikwa. Wale wa pwani nikiwauliza walikuja kutafuta nini, jibu lao ni moja: nyumbani shamba walilolima babu zao lina hati ya mtu mwingine. Kiasi cha kilomita thelathini kutoka hapa, kule Gilgil, amezikwa mtu aliyeuawa akiwa ameyasema mambo haya kwa sauti kubwa kuliko wenziwe. Nao hawamjui.

Josiah Mwangi Kariuki alizaliwa tarehe 21 Machi 1929, Kabati-ini, upande wa Nakuru. Wazazi wake walikuwa wametoka Chinga, Nyeri, wakaja Bonde la Ufa kufanya kazi katika shamba la mzungu. Walikuwa maskwota. Neno hili sisi wa pwani halihitaji kufasiriwa. Tofauti ni kwamba skwota wa Bonde la Ufa alikuwa chini ya mlowezi mzungu aliyemwona kila siku, na skwota wa pwani, tangu sheria ya hati za ardhi ya 1908, mara nyingi amekuwa chini ya mwenye hati asiyemjua kwa sura, aliyeko Mombasa au ng'ambo, au aliyekwisha fariki zamani na warithi wake hawajulikani. Lakini maisha ni yale yale. Unalima, unazaa, unazika, na ardhi si yako.

Shule aliisoma kwa kukatika katika, kwa sababu karo ilikuwa shida. Kilichomrudisha shuleni ni jambo ambalo kwetu Waislamu ni zito kulisema: mwaka 1946 aliweka pesa kwenye mbio za farasi, farasi wake akashinda, naye akalipa karo kwa pesa hizo. Kamari ni kamari na hukumu yake twaijua. Nalitaja kwa sababu farasi na bahati nasibu havikumwacha maisha yake yote, na maadui zake hawakuacha kumkumbusha. Mwaka 1950 aliingia King's College Budo, Uganda, shule ya watoto wa wakubwa, yeye mtoto wa skwota. Alirudi Kenya 1952, mwaka ule ule ambao serikali ya mkoloni ilitangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba.

Hakukaa sana. Mwaka 1953 alikamatwa kwa kuhusika na Mau Mau, na hakuwa huru tena hadi 1960. Miaka saba. Alihamishwa kambi baada ya kambi, Langata ikiwemo, na Manyani. Manyani twaijua sote tunaopita barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, na wengi wetu huona tu bango la gereza na nyani kando ya lami. Katika miaka ile ilikuwa kambi ya maelfu kwa maelfu ya watu, na homa ya matumbo iliwaua wengi mwaka 1954. Pwani yetu ilitumika hivyo: Manyani kwa ule umati, na kisiwa cha Manda, kule Takwa, kwa watu kama Pio Gama Pinto.

Kariuki alipigwa, akaandika barua za malalamiko kwa wakubwa wa kikoloni kwa siri, akapigwa tena kwa ajili ya barua hizo. Alipotoka aliandika kitabu cha maisha yake kizuizini, kikachapishwa 1963, mwaka wa uhuru. Kilisomwa Uingereza kabla hakijasomwa Nyeri. Ajabu yake ni kwamba hakina chuki nyingi. Mtu aliyeteswa miaka saba alitoka akiwa na hamu ya kujenga nchi na kuishi na kila mtu, na nadhani hilo ndilo lililomfanya apendwe hata na watu wasiokuwa wa kabila lake.

Uhuru ulimkuta mahali pazuri. Alikuwa katibu wa Mzee Jomo Kenyatta, akachaguliwa mbunge, akapewa kuongoza Huduma ya Vijana kwa Taifa ilipoanzishwa. Baadaye akawa waziri msaidizi, akipita katika Kilimo na katika Utalii. Huyu ni mtu aliyekuwa akiingia na kutoka Ikulu, aliyejua nani anaomba nini na nani anapewa. Na yeye pia alipata. Tusimfiche hapa. Alikuwa na shamba kubwa Gilgil, alikuwa na farasi wa mashindano, magari mazuri, suti, na marafiki wa kasino. Katika nchi ambayo wapiganaji wa msituni walikuwa wakirudi na kukuta shamba la jirani limeandikishwa kwa jina la aliyekuwa upande wa mkoloni, JM aliishi vizuri.

Hapa ndipo watu hugawanyika juu yake, hata hapa Karagita. Kuna mzee mmoja jirani yangu, muuza samaki wa ziwani, ambaye akisikia JM akitukuzwa hucheka. Yeye aliweka akiba yake katika kampuni moja ya kununua ardhi siku zile, wakagawana wakubwa, yeye akabaki na risiti. Kwake wanasiasa wote wa enzi ile walikuwa chungu kimoja. Anauliza mtu mwenye shamba lisiloonekana mwisho aliwezaje kulia na wasio na shamba. Swali lake ni la haki na sijapata namna ya kulikwepa. Mwenyewe JM alilijibu kwa vitendo zaidi kuliko maneno: alitoa. Alitoa kwa harambee za shule, alilipa karo za watoto asiowajua, alijaza mifuko ya watu waliomfuata mlangoni. Lakini kutoa sadaka si kugawa ardhi, na wakubwa wengine nao walitoa kwenye harambee, tena kwa picha gazetini.

Mimi naona tofauti yake iko mahali pengine. Wakubwa wenzake walitajirika kisha wakaanza kusema utajiri wao ndio maendeleo ya nchi. Serikali ikafika hata kuruhusu watumishi wake kufanya biashara wakiwa kazini, kwa pendekezo la tume ya Ndegwa ya 1971. JM alitajirika, na bado akasimama hadharani kusema kwamba mfumo uliomtajirisha si wa haki. Alilaumu mpango wa kuwauzia wananchi kwa mkopo ardhi iliyokuwa yao tangu mwanzo, mkopo wenyewe kutoka Uingereza, ili mlowezi alipwe aondoke na pesa yake. Alionya kwamba Kenya inageuka kuwa nchi ya mamilionea kumi na ombaomba milioni kumi. Msemo huo ulisambaa kila mahali, na hadi leo kila mwanasiasa anayetaka kura za maskini huuazima bila kumtaja mwenyewe.

Kosa lake kubwa machoni pa wakubwa, nadhani, lilikuwa ni mahali alipotoka. Upinzani wa Oginga Odinga ulikuwa umeshughulikiwa: chama chake cha KPU kilipigwa marufuku Oktoba 1969, miezi michache baada ya Tom Mboya kuuawa tarehe 5 Julai. Ngala na KADU yake, na ile ndoto ya majimbo, vilikuwa vimekwisha mezwa na KANU mwaka 1964, na Ngala mwenyewe alifariki Desemba 1972 baada ya ajali ya gari. Mjaluo akipinga wangesema ni kabila lake. Mpwani akipinga wangesema anataka kujitenga. JM alikuwa Mkikuyu, aliyekula kizuizi cha miaka saba, aliyekuwa katibu wa Mzee. Wangesema nini juu yake?

Kwa hiyo walianza kwa kumbana. Mikutano yake ya hadhara ilinyimwa vibali. Waziri msaidizi wa serikali akawa hawezi kuhutubia watu wa nchi aliyoitumikia. Katika uchaguzi wa Oktoba 1974 hali ilikuwa hivyo hivyo: mgombea wa Nyandarua Kaskazini hakuweza kufanya kampeni kama wenziwe. Akashinda kwa kura nyingi. Serikali mpya ilipotangazwa jina lake halikuwemo. Akawa mbunge wa viti vya nyuma, na kwa watu waliokuwa wakihesabu miaka ya Mzee, ambaye umri ulikuwa umekwenda, mbunge huyo wa viti vya nyuma alikuwa tishio kuliko waziri yeyote.

Machi 1975 Nairobi ilikuwa na hofu. Tarehe 1 bomu lililipuka ndani ya basi kituoni, likaua watu 27. Kesho yake, Jumapili tarehe 2, JM alionekana hoteli ya Hilton, na aliyeonekana akitoka naye ni Ben Gethi, kamanda wa kikosi cha GSU. Baada ya hapo hakuonekana tena akiwa hai.

Wafugaji wa Kimaasai walimkuta milima ya Ngong, amepigwa risasi, mwili umeharibiwa ili asitambulike. Mwili ukapelekwa chumba cha maiti cha jiji, ukalala huko kama wa mtu asiye na wenyewe. Na wakati umelala huko, gazeti moja kubwa liliwaambia Wakenya kwamba yuko Zambia. Hebu fikiri, ndugu msomaji. Sisi tumefundishwa kumharakisha maiti kaburini, na mtu akifia ugenini hatulali mpaka tujue nani atamwosha. Mbunge, mtu ambaye nchi nzima ilijua sura yake, alikaa zaidi ya wiki katika droo, na familia yake ikawa inazunguka kwa polisi ikiuliza. Mwisho ni wake zake waliokwenda wenyewe chumba cha maiti wakamtambua. Tarehe 16 Machi alizikwa kwake Gilgil. Wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana, na kwa miaka mingi baadaye waliendelea kuikumbuka siku ya kifo chake kila Machi, wakipigwa virungu kila mara.

Sehemu inayofuata ndiyo ambayo natamani ifundishwe shuleni, kwa sababu ndiyo saa ambayo Bunge la Kenya lilisimama kama Bunge. Wabunge hawakuuamini uchunguzi wa polisi, wakaunda kamati yao chini ya Elijah Mwangale. Ilifanya kazi kwa miezi isiyofika mitatu. Walihoji polisi, wahudumu, madereva, watu waliokuwa Hilton usiku ule. Juni ripoti ikawa tayari, ikiwataja polisi wakubwa kwa majina, Gethi akiwa miongoni mwao, na ikitaka wachunguzwe zaidi. Lakini kabla haijafika mezani, Mwangale aliitwa mbele ya Mzee, na majina mawili yakaondolewa: la Mbiyu Koinange, waziri katika afisi ya Rais na mtu wa karibu kabisa na Kenyatta, na la Arthur Wanyoike Thungu, mlinzi wa Rais. Kila mbunge alijua kilichokuwa kimechanwa. Pengo kwenye karatasi lilisomeka vizuri kuliko maandishi yenyewe.

Kisha ikaja kura. Serikali haikutaka Bunge liikubali ripoti, iliridhia tu itajwe na kuwekwa kando. Wabunge 62 waliikubali na 59 wakaikataa. Kura tatu. Miongoni mwa wale 62 walikuwamo watu waliokuwa wakila chakula cha serikali: Masinde Muliro, waziri, na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu. Wote watatu walifutwa kazi. Muliro hakuwa mtoto kwenye siasa. Alikuwa ndani ya KADU pamoja na Ngala, alijua serikali inavyouma, na alijua anapoinua mkono kwamba gari la uwaziri litaondoka mlangoni kabla ya jioni. Aliuinua.

Adhabu iliendelea mwaka mzima. Mark Mwithaga, mbunge wa Nakuru Mjini aliyekuwa katika kamati, alijikuta mahakamani kwa kesi nyingine kabisa, akafungwa. Oktoba mwaka huo Martin Shikuku na Jean-Marie Seroney walikamatwa na polisi ndani ya majengo ya Bunge, kwa maneno waliyoyasema ndani ya Bunge, wakawekwa kizuizini bila kesi hadi Desemba 1978, Kenyatta akiwa amekwisha fariki. Kwa hiyo kifo cha mtu mmoja kiliwala wengi, na Bunge likajifunza kunyamaza. Baadaye tukaja kushangaa kwa nini Wakenya wanaogopa.

Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji ya JM. Gethi alipanda cheo, akawa mkuu wa polisi wa nchi nzima, hadi jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 lilipomwondoa. Koinange alifariki 1981. Mwangale akawa waziri wa serikali ya Moi, na kamati ile haikusikika tena mdomoni mwake kwa kelele. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipokabidhi ripoti yake Mei 2013, ililirudia faili hili pamoja na la Pinto na la Mboya, na pia iliandika kurasa nyingi juu ya ardhi ya pwani. Ripoti hiyo imelala Bungeni. Nimeona ni jambo la kutazamwa hilo, kwamba JM na mashamba yetu vimefungiwa kabati moja.

Baadhi ya wasomaji wataniambia, najua, kwamba JM hakuwa wetu. Watanikumbusha kwamba katika miaka ile ile ya mwanzo wa 1970 ndipo mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta ulipofunguliwa Mpeketoni, na waliopewa wengi walikuwa watu wa kabila lake, huku Wabajuni waliokimbia mashifta wakiwa hawajarudi kwao bara la Lamu. Ni kweli, na sina maneno ya kulifuta. Lakini tazama ni nani aliyepelekwa Mpeketoni. Walikuwa watu wasio na ardhi ambao wangeweza kupewa ardhi Nyandarua, Laikipia au hapa kando ya Ziwa Naivasha, kama mashamba makubwa yangeguswa. Hayakuguswa. Ilikuwa rahisi kuwapakia kwenye malori mpaka Lamu kuliko kumwambia mkubwa mmoja apunguze eka zake. Kelele za JM zilikuwa juu ya mashamba hayo hayo. Angesikilizwa, sidhani kama malori yale yangekuwa na watu wengi hivyo.

Huku Karagita mashamba makubwa yako pale pale, yamebadilisha zao tu. Palipokuwa na ng'ombe pana nyumba za plastiki za maua. Januari 2008 mji wa Naivasha ulipowaka, waliochomewa vyumba na waliochoma walikuwa wapangaji wote, maskini kwa maskini, wakiulizana lugha ya mama. Hakuna aliyekwenda kuuliza ua la shamba linaanzia wapi.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kilifi katika ploti yetu aliniuliza kama kweli JM alikuwa na farasi. Nikamwambia ndiyo, wengi, na shamba la kuwalisha. Akafikiri kidogo, akaniuliza tena kama basi alikuwa mtu wa watu au mwizi kama wengine. Nikamsimulia hizi habari zote kama nilivyoziandika hapa, za Manyani, za Hilton, za kura 62 kwa 59. Jumapili asipopangiwa zamu tutakwenda Gilgil pamoja, nauli si kubwa.